Mgeni Aliyekuja na Debe Lake

4 Februari

Na lile la mapazia umeshinda, shangazi. Nimeyakunja upindo mara mbili kama ulivyosema, na sasa yametulia dirishani utadhani yalishonwa na wewe mwenyewe. Mume wangu aliporudi kazini alisimama katikati ya chumba, mikono imejaa grisi, akayatazama. “Nimeingia nyumba ya nani?” akauliza. Yako, nikamwambia, na usiguse kitu mpaka unawe.

Hujambo? Miguu inasemaje? Mimi usiniulize, nitakuchosha. Wiki ya sita hii tangu nifunge ndoa, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake kwenye kona ya mtaa moyo unaniruka kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Anapiga mara tatu. Ya kwanza ni salamu, ya pili ni “nimefika,” ya tatu amekataa kuniambia maana yake. Mama mkwe hajambo, anakusalimu. Baba mdogo alipita dukani wiki iliyopita akanunua kalamu moja, akakaa saa nzima kuniangalia kama nimekonda. Mwambie sijakonda. Kazi yangu ni ileile, madaftari, rula na watoto wasioamua wanataka rangi gani.

Picha za harusi nimeziambatanisha. Utaona kile kiti kitupu mstari wa mbele. Ndicho chako. Mpiga picha alitaka kukiondoa, nikamkatalia, kwa hiyo kila picha ina mimi, ina yeye, na ina kiti. Sikulaumu. Ila ningependa siku moja uniambie miguu gani hiyo iliyouma siku ile tu.

Sasa jambo lenyewe. Simu yako haipatikani tangu Novemba, na ya mwanao, kaka yangu, ni hivyohivyo. Nimemwandikia mara mbili, kimya. Mgongo wake umepona? Bado anatumia vile vidonge vya hospitali? Tunataka kuja kuwaona, mimi na mume wangu na mama mkwe. Jumapili hatuwezi, kwa sababu Jumapili jioni mume wangu hufunga karakana yake ya baiskeli na kukutana na wenzake kumi na wawili, wanakaa humo kwenye madebe wanazungumza, na hilo halikosi. Lakini Jumamosi yoyote tunakuja. Tupange?

Chiriku wako


26 Februari

Chiriku,

Barua yako ilikaa posta siku tisa kabla sijapata nafasi ya kuifuata, halafu ikakaa mezani siku nyingine tano. Usihesabu.

Sisi hatujambo. Miguu ni ileile miwili, yote inauma. Nina sare sitini na nne za kushona kabla ya muhula mpya, na mashine imeanza tena mchezo wake wa kukata uzi kila nikifika kwenye kola. Mwalimu mkuu ananitumia mtu kila siku kuja kuniuliza nimefika wapi. Nimefika kwenye kola.

Picha nimeziona. Umependeza. Mumeo ana uso wa mtu mtulivu, ingawa amesimama kama anayesubiri kuitwa na daktari. Hicho kiti mngekiondoa tu.

Msije kwanza. Simu imeharibika, na nyumba haina pa kumkalisha mgeni, viti viko kwa seremala. Siwezi kumpokea mama mkwe wako na kumwambia asimame. Kaka yako hajambo. Anapumzika.

Nami nikuulize. Watu wazima kumi na watatu wenye makwao, na nyumba zao zina viti, wanakwenda kukaa kwenye madebe ndani ya karakana ya baiskeli wanazungumza nini kila Jumapili? Ni kamari? Ni siasa? Wanauza kitu? Mwanamke wa wiki sita hapaswi kuachwa nyumbani peke yake jioni nzima na mapazia. Nimekulea tangu una miaka saba, sikukulea upewe majibu nusunusu. Muulize vizuri, kisha uniandikie.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Habari za kola? Sisi wazima. Mama mkwe amenipa sufuria yake kubwa, na mume wangu anasema hiyo ni heshima kuliko cheti cha ndoa. Jana alinitengenezea kiti cha nyuma cha baiskeli, amekifunika sponji, eti barabara ya kwenda kazini isinichoshe. Nilikaa nikamshika kiunoni, nikatamani duka lihamie mbali zaidi.

Swali lako nimelibeba siku tatu. Si kamari wala si siasa. Ni watu waliowahi kukamatwa na kitu wakashindwa kukiachia. Wengine pombe, wengine vidonge, mmoja alikuwa akinusa gundi ya viatu. Wameacha, au wanajaribu kuacha, au wameanguka juzi na wamerudi. Hakuna daktari anayewaongoza wala mhubiri. Anayesikiliza naye amepitia, na anayesema hakatizwi. Daktari wanakwenda kumwona, tena wanasindikizana mpaka mlangoni, lakini hiyo ni kazi ya daktari. Yao ni kukaa. Majirani huwaita Watu wa Madebe na kuwacheka, nao wamelikubali jina. Mume wangu ndiye mwenye karakana, basi.

Ninakuandikia haya yote kwa sababu mama wa duka la vifungo alikuja huku kununua mzigo, akapita kunisalimu. Hakutaka kusema. Nilimbana. Amesema chumba cha kaka, kile cha uani, kina kufuli. Kwa nje.

Shangazi, niambie mama wa vifungo ni mwongo. Nitafurahi sana akiwa mwongo. Na kama si mwongo, wapo watu wanaojua kukaa na mtu kama kaka bila kumfunga. Kubali nimtume mmoja.

Chiriku wako


30 Machi

Chiriku,

Tunaendelea. Sare nimemaliza, mwalimu mkuu amelalamika vifungo. Mvua imeingia jikoni.

Mama wa vifungo si mwongo, ni mmbea, na vitu hivyo ni viwili tofauti.

Kufuli ipo. Nimeinunua mimi na ufunguo ninao shingoni. Kaka yako alianguka kutoka kwenye nguzo ya umeme akiwa kazini, hilo unalijua, na walimpa vidonge kwa ajili ya mgongo, hilo pia unalijua. Usilolijua ni kwamba mgongo ulipona mwaka juzi na vidonge vikabaki. Alipokosa vya hospitali akapata vya mtaani. Nimempeleka kwa daktari, akakaa siku nne akatoroka. Nimemwitia mjomba wake akamfokea mpaka sauti ikakauka, ya mjomba. Nimeomba. Nimenyamaza. Nimepiga magoti mbele ya mtoto niliyemzaa, mimi. Wiki ya harusi yako nilikuwa nimekaa uani nimeegemea mlango ule, ili asitoke. Hiyo ndiyo miguu iliyouma.

Namfungulia kuoga, namfungulia kula, nakaa naye. Nikienda sokoni nafunga. Nikifungua zaidi ya hapo anaondoka, na akiondoka anarudi mtu mwingine kabisa. Sasa uniambie hao wa madebe wana nini nisichokuwa nacho mimi. Wamemzaa? Wamemkesha? Watu walioshindwa kujisimamia wenyewe ndio waje kunifundisha mwanangu?

Usinitumie mtu. Nimesema.

Aliuliza jana kama bado unaimba ukiosha vyombo. Nikamwambia sijui.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi yangu,

Mwambie bado naimba, na bado nakosea maneno.

Hatujambo, ila nimegombana na mume wangu kwa mara ya kwanza. Nilidhani ugomvi wa mume na mke una raha yake, kwenye hadithi huwa wanapatana kabla ukurasa haujaisha. Hauna. Nililia ndani ya choo ili nisionekane, na choo chetu hakina kitasa, kwa hiyo nililia huku nimeushika mlango.

Nilimwambia hivi: kodisha gari, tuwachukue watu wawili wenye nguvu, twende tukamtoe kaka. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Hatumchukui mtu, mke wangu. Ukimtoa kwa nguvu umebadilisha kufuli tu.” Nikamwambia basi kaa hivyohivyo na madebe yako. Akasema, “Mpaka aombe mwenyewe. Kabla hajaomba tunakaa naye alipo, hata kama ni mlangoni.” Na ataombaje aliyefungiwa ndani? Hapo akainama kufuta grisi kwenye kucha, na ule utulivu wake ninaoupenda siku zote ulinichoma, nilitamani apige meza.

Jioni aliniletea chai kitandani, akaniambia yupo mwenzao mmoja, fundi viatu, aliyehamia mji wenu mwaka juzi. Kibanda chake kiko nyuma ya kituo cha mafuta. Anaweza kwenda kukaa. Kwa idhini yako, alisema. Alisisitiza hilo.

Shangazi, idhini yako ninayo? Sinayo. Umeshasema hapana na umepiga mstari chini yake. Nimemwandikia fundi kwamba umekubali. Nimedanganya, na mume wangu hajui. Naomba radhi mapema ili ukimaliza kunikasirikia niwe nimeshaomba. Ukimfukuza ataondoka. Ila nijuavyo mimi, atarudi.

Chiriku wako, mwongo


27 Aprili

Wewe,

Salamu utazikuta mwishoni nikibakiwa na hamu nazo.

Nimekaa kwenye mashine barazani, saa nne asubuhi, anaingia mwanaume mwembamba mwenye kofia ya sufi na debe la mafuta mkononi. Nikajua anauza mafuta.

“Sinunui,” nikamwambia.

“Siuzi, mama. Nimekuja kukaa na kijana wako. Mpwa wako alisema umeruhusu.”

Hebu fikiri nilivyojisikia. Lakini mtu amesimama kwangu, jua kali, nitafanyaje? Nikamwambia atapiga kelele zake uani na mlango sifungui. Akasema mlango hauhitaji kufunguliwa. Nikampelekea kiti. Unajua nilichotendewa? Alikitazama, akasema asante mama, akaligeuza debe lake chini juu mbele ya mlango wa kaka yako, akalikalia. Nikamwambia kiti hiki. Akasema, “Nimekuja na changu.” Chai, hataki. Maji ya kunywa, anayo kwenye chupa. Nimeishi miaka hamsini na tisa sijawahi kuona mgeni anayekataa kiti. Kiti changu kina kunguni? Mimi nami sikukirudisha. Kikabaki pale katikati ya ua saa mbili nzima, hakuna aliyekikalia.

Na huko kuzungumza, kama ndiko huko, ni aibu. Alizungumza soli. Soli za mpira, soli za ngozi, mteja aliyeleta viatu viwili vya mguu mmoja. Kaka yako kimya. Saa sita akachukua debe lake akaondoka.

Nikasema amekoma. Keshokutwa yake, huyo. Na wiki iliyofuata, huyo. Siku ya nne akawa anasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoiba kiatu kimoja cha bosi wake akiwa na shida ya gundi, akashindwa kukiuza kwa sababu ni kimoja, na nikasikia kitu. Nikasimamisha mashine. Kaka yako anacheka.

Chiriku, miezi mitano nimemwomba mtoto yule neno moja. Nimempikia, nimemwogesha akiwa anatetemeka, nimemwimbia nyimbo za utotoni kama mwehu. Huyu kwa kiatu kimoja amepata kicheko. Sikufurahi. Nakwambia ukweli, nilitamani nimpige na hilo debe lake.

Lakini hasira yangu kubwa si hiyo. Alipokuwa anaondoka nikamuuliza nani alimfundisha ukorofi huu wa kukaa mlangoni kwa watu. Akasema, “Si mkweo, mama? Alinikalia mlangoni siku arobaini. Naye alikaliwa na mwingine, enzi zake za vidonge, alipokuwa anauza baiskeli za wateja.” Aliponitazama usoni akashika mdomo. Maskini alidhani najua.

Vidonge. Mkwe wangu. Na wewe kwenye barua unaniandikia “mume wangu ndiye mwenye karakana, basi.” Basi! Nimekaa mwaka wa pili na moto huu ndani ya nyumba, na mtoto niliyemlea amekwenda akaolewa nao, akanifungia kwenye bahasha na picha.

Usiniandikie mambo ya mapazia tena. Niandikie kweli, au usiniandikie.

Salamu hazijabaki.


5 Mei

Shangazi,

Nakuamkia hata kama hutaitikia. Shikamoo. Wote wazima huku, mama mkwe anauliza kwa nini siimbi.

Kweli ni hii. Mume wangu alikuwa mtu wa vidonge miaka minne. Sasa ni mwaka wa sita hajavigusa. Nilijua kabla hajanichumbia. Aliniambia siku ya tatu tu ya kufahamiana, amesimama mbele ya kaunta yetu, nyuma yake foleni ya watu wanaotaka madaftari. “Kabla hujanipenda sana,” akasema, “kuna jambo ujue.” Nilikuwa nimeshachelewa, shangazi. Nilimwambia asogee kando nimhudumie mteja, nikampa mteja chenji mara mbili.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesimama siku ya harusi ukasema hapana, na mimi ningeolewa hivyohivyo, na ningeolewa nikilia. Nilichagua kiti kitupu kuliko wewe uliyekasirika ukiwa umekikalia. Huo ndio ubaya wangu. Yeye aliniomba mara ngapi nikuambie! Kila nilipofunga bahasha aliuliza, “Umemwambia?” Nami nikambusu ili asiulize tena.

Unataka kujua nimeolewa na moto gani? Mwezi uliopita aling'olewa jino. Alimwambia daktari mambo yake yote mbele yangu, hadi nikaona aibu mimi, akapewa dawa isiyo na hatari kwake. Hata hiyo alinikabidhi pakiti nzima, akaomba kimoja kimoja kama mtoto. Alishinda kutwa shavu limevimba, anaziba pancha za watu huku machozi yanamtoka. Nilipomhurumia akasema, “Haya ni maumivu tu.” Mimi nachoka, sikufichi. Nachoka watu wakinitazama sokoni. Nachoka Jumapili zangu zote zikiwa za madebe. Halafu napigiwa kengele mara tatu kwenye kona, na uchovu sijui unakimbilia wapi.

Kuhusu kiti. Mume wangu amehuzunika sana. Anasema si dharau hata kidogo. Nyumba yenye mtu wao imeshaombwa na imeshachukuliwa vya kutosha, kwa hiyo anayekwenda kukaa haombi hata pa kukaa. Anakwenda na chake na anaondoka nacho, na nyumba inabaki na kila alichokikuta. Ndiyo maana hata chai hanywi. Anasema walipaswa kukuambia kwanza, na wao wamezoeana mno wakasahau kwamba mama wa mtu hajui.

Na jambo moja zaidi. Fundi viatu hakusimulia lolote la kaka, hayo hawayatoi nje. Alituandikia kuomba radhi kwa kuropoka, na akasema hivi kuhusu wewe: “Yule mama alinipa kiti alichokuwa amekikalia kwenye mashine, kisha akashona amesimama, mguu mmoja kwenye pedali, saa mbili.”

Shangazi. Viti viko kwa seremala tangu Februari. Seremala gani huyo?

Chiriku wako


11 Juni

Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Imechelewa mwezi, lakini umeipata.

Hatujambo kiasi. Paa la jikoni limezibwa. Mwalimu mkuu ameleta oda ya sare za michezo na hajalalamika kitu, nadhani anaumwa. Mama wa vifungo anakusalimu na simsalimii.

Hakuna seremala. Viti viliondoka kimoja kimoja, baada ya simu na redio na pasi ya mkaa. Nilisema seremala kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema hivyo kwa kila mtu, na wewe ukawa kila mtu. Umenidanganya na nimekudanganya. Tumelingana, tuache.

Mumeo nimemfikiria. Lile la kumwambia mtu kwenye kaunta, foleni ikimsikia, nimelisoma mara tatu. Marehemu mume wangu alinificha kwa miaka kumi na moja kwamba hajui kusoma. Sisemi zaidi.

Kufuli niliitoa tarehe kumi na mbili Mei. Hakuna aliyenilazimisha. Fundi viatu hakuwahi hata kuitaja, na hilo ndilo lililonichosha, angeitaja ningebishana naye. Walikwenda wote wawili kwa daktari, na safari hii kaka yako hakutoroka, kwa sababu fundi alikaa nje ya mlango na debe lake mpaka walinzi wakamwita mwehu. Akarudi na dawa za kumtuliza na tarehe ya kurudi. Siku kumi na saba, Chiriku. Alikula. Alinitengenezea taa ya barazani. Nilianza kupanga mambo.

Siku ya kumi na nane aliondoka na mkasi wangu mkubwa wa kukatia.

Unaujua mkasi ule. Ndio uliokata nguo yako ya kwanza ya shule na shela yako, niliyoituma bila kuja. Siku mbili sikumwona. Ya tatu, mchana, akaingia uani mikono mitupu, akakaa chini ukutani. Mimi nilikuwa na kufuli mkononi. Naye fundi huyo hapo nyuma yake na debe. Nikasema sasa leo atamwambia. Leo atamgombeza kama mwanaume. Unajua alivyosema?

“Mimi nilirudi kwenye gundi mara saba,” akamwambia. “Wewe una moja. Nimekuja kukaa.”

Mara saba! Nikamuuliza kwa sauti ya juu, “Mara saba? Nina mikasi mingapi mimi?”

Kaka yako akainamisha kichwa. Fundi hakucheka. Alinigeukia akasema, “Na wewe mama, nani anakaa nawe?”

Nikamwambia sina ugonjwa wowote. Akasema, “Sijauliza ugonjwa.”

Niliingia ndani, nikaona lile debe langu la vipande vya vitambaa, nikamwaga vipande vyote sakafuni, nikaligeuza nikalikalia, nikalia kilio cha miaka miwili. Waliponisikia hakuna aliyekuja kuninyamazisha. Baadaye niliona kulia peke yangu hakuna maana, nikalibeba debe nikatoka nalo, nikakaa nao. Tulikaa watatu. Kaka yako peke yake alikuwa chini. Hatukusema kitu cha maana, fundi alirudi kwenye soli zake. Ile kufuli niliiona imeanguka karibu na mtungi, na haijaokotwa mpaka leo.

Sasa hivi ni siku ya kumi. Usishangilie. Sishangilii mimi, nimejifunza. Mkasi sijaupata, nakatia wa jirani ambao unatafuna kitambaa, na kila nikiushika nakasirika upya. Alasiri anakwenda kibandani kwa fundi kupiga misumari, anarudi na harufu ya gundi nguoni na moyo wangu unasimama, kisha nakumbuka ni viatu. Akichelewa dakika kumi nakwenda mpaka kituo cha mafuta kuchungulia. Wananiona. Wanaendelea kupiga misumari.

Lakini juzi, nakata kola, amesimama mlangoni kwake, mlango uko wazi, akaniuliza, “Mama, wale wa Chiriku wanakaa siku gani?”

Nikamwambia Jumapili. Nilijitahidi sauti isipande.

“Nataka kwenda kuwaona.”

Sikumsukuma. Sikumwomba. Sikumwambia hata kwamba ni wazo zuri, niliendelea kukata, na kola ile imeharibika, imebidi niitupe. Mwambie mkwe wangu: ameomba mwenyewe.

Fundi amesema atalinda nyumba. Basi tunakuja Jumapili ya mwisho, kabla mwezi huu haujaisha, kwa basi la asubuhi, mimi na kaka yako. Waambie wenzenu wasogee kidogo. Kaka yako ameomba debe kituo cha mafuta, amelisugua kwa mchanga siku nzima. Langu lina vumbi la pamba lakini ni imara.

Msitutolee viti.

Shangazi yako